Funga Ngamia Kabla ya Kusasisha



Nikiwa likizoni hapa Gisenyi, nilihamisha blogu yetu ya darsa kwenda WordPress 5.0, toleo la tarehe 6 Desemba 2018 lililoleta kihariri kipya, Gutenberg. Nilisema, "Tawakkaltu 'ala Allah," nikabonyeza. Programu-jalizi moja ya zamani haikupatana na toleo hilo, ukurasa ukabaki mweupe. Katika kuhangaika kutengeneza, nikafuta hifadhidata. Muhtasari wa darsa za Ramadhani mbili ukaenda, na nakala sikuwa nayo.

Nilijidanganya kuwa ule ni tawakkul. Katika hadithi aliyoipokea Tirmidhi, mtu alimuuliza Mtume (s.a.w.) kama amfunge ngamia wake au amwache na kutegemea. Akaelekezwa amfunge, kisha ategemee.

Kwenye blogu, kumfunga ngamia ni hivi:

1. Nakili hifadhidata, ndimo yalimo makala na maoni.
2. Nakili folda ya wp-content. Ndimo zilimo picha, mandhari na programu-jalizi.
3. Weka nakala nje ya seva ileile, na uhakikishe inafunguka.
4. Jaribu toleo jipya kwenye nakala kwanza, si kwenye blogu yenyewe.

Baada ya hapo, bonyeza na umtegemee Allah.

Darsa zile hazikuwa zangu. Ilinibidi niende kwa ustadh kuomba radhi, kisha kwa wenzangu kuazima madaftari. Bado naandika upya. Amana hulindwa kabla haijapotea.

Wabillahi tawfiq.