Kuchagua Kamera ya Shule: Picha Kwanza, Lenzi Pili, Mwili Tatu

Utangulizi

Mwalimu hawezi kuwaonyesha watoto funza wa vitumba mwezi wa Septemba. Wakati huo pamba imekwisha vunwa, na masalia yake yameng'olewa na kuchomwa ili wadudu wasivuke hadi msimu ujao. Somo likiangukia mwezi huo, msaada wake ni picha iliyopigwa Februari, vitumba vilipokuwa shambani. Picha ya namna hiyo ni zana ya kufundishia kama zilivyo ramani na chati, na kamera inayoipiga yapaswa kuchaguliwa kwa uangalifu ule ule.

Tulilitambua jambo hili tulipokwenda Nyalikungu, katika mji wa Maswa mkoani Simiyu, kusimamia mazoezi ya kufundisha. Shule moja ilikuwa imenunua kamera kwa michango ya wazazi, iliyotolewa baada ya mauzo ya pamba. Muuzaji aliwashauri wachukue lenzi moja tu, ndefu, ya milimita 70 hadi 300, kwa kuwa "inaona mbali". Mwanachuo wetu alipojaribu kupiga picha ya darasa lake, alifika hadi ukuta wa nyuma, na bado zilionekana meza mbili tu. Alipomwendea funza kwenye jani, lenzi ilikataa kulenga, kwani lenzi za aina hiyo kwa kawaida hazilengi kitu kilicho karibu zaidi ya mita moja hivi. Kamera ilirudishwa kabatini. Haikuwa mbovu, bali ilinunuliwa kabla ya mtu yeyote kuuliza itapiga picha gani.

Makala haya yanakusudia kumsaidia mwalimu kuuliza swali hilo mapema.

Mwili na lenzi

Kamera inayobadilishwa lenzi ina sehemu kuu mbili. Mwili ni lile boksi lenye kihisi, yaani bamba linalopokea mwanga mahali ilipokuwa filamu zamani. Lenzi ndiyo inayokusanya mwanga na kuchora taswira juu ya kihisi. Wanachuo waliopata kutengeneza kamera tundu kwa boksi na karatasi nyembamba watakumbuka kwamba boksi likirefushwa, taswira hukua, lakini sehemu ya mandhari inayoonekana hupungua. Urefu wa fokasi wa lenzi, unaoandikwa kwa milimita, hufanya kazi kama urefu wa boksi lile.

Kwa vitu visivyo karibu sana, twaweza kukadiria hivi:

Upana unaoonekana = upana wa kihisi ÷ urefu wa fokasi × umbali.

Kamera nyingi za bei ya wastani zina kihisi chenye upana wa milimita 24 hivi. Tukisimama mita 6 kutoka kwa wanafunzi, lenzi ya milimita 18 itaona upana wa mita 8, yaani darasa zima. Lenzi ya milimita 70 itaona mita 2 tu. Hapo ndipo mwanachuo wetu alipokwama.

Sasa tumchukue mnana mwenye urefu wa sentimita 15, akisuka kiota umbali wa mita 10. Lenzi ya milimita 50 huona upana wa mita 4.8, na ndege huyo atakuwa sehemu moja ya 32 ya picha. Lenzi ya milimita 300 huona sentimita 80, na ndege atachukua karibu sehemu moja ya tano. Kwa hiyo lenzi ndefu si mbaya. Ina kazi yake.

Mwanga wa darasani

Jambo la pili ni kitundu cha lenzi. Ukubwa wake huonyeshwa kwa namba, na kadiri namba inavyokuwa ndogo ndivyo kitundu kinavyokuwa kikubwa. Lenzi yenye namba 1.8 huingiza mwanga takriban mara kumi ya ile inayoishia 5.6. Katika darasa lenye madirisha madogo, tofauti hiyo hutenganisha picha safi na picha ambayo mikono ya watoto imefifia kwa kutikisika. Lenzi za milimita 35 au 50 zenye namba 1.8, zisizovuta mbele wala nyuma, huwa miongoni mwa zile za bei nafuu katika makampuni mengi. Mwalimu asizidharau kwa udogo wake.

Mifano miwili ya nchini mwetu

Mwaka 1962 Hugo van Lawick alitumwa Gombe, kando ya Ziwa Tanganyika, kupiga picha za sokwe waliokuwa wakichunguzwa na Jane Goodall. Kazi yake ilitaka mtu mvumilivu na lenzi zinazomfikia mnyama asiyependa kusogelewa.

Mwaka 2010 watafiti katika Hifadhi ya Serengeti, inayopakana na Simiyu, walianza kuweka kamera 225 kwenye eneo la kilometa za mraba 1,125. Kamera hizo ni ndogo, hufungwa kwenye mti au nguzo, na hujipiga zenyewe mnyama anapopita. Swali la watafiti lilikuwa ni wanyama gani wanapita mahali gani na saa ngapi, usiku na mchana. Kamera moja ya fahari isingelijibu. Kamera nyingi za kawaida zililijibu. Katika mifano yote miwili, kazi ndiyo iliyochagua chombo.

Kupanga fedha

Shule yenye fedha kidogo ianze na simu ambayo mwalimu tayari anayo. Simu nyingi zina lenzi pana, nayo yafaa kwa darasa, bustani ya shule na mkutano wa wazazi. Lenzi ya mkono ya maabara ikiwekwa mbele ya kioo cha simu, funza wa vitumba ataonekana kwa ukubwa unaotosha.

Shule yenye fedha za wastani inunue mwili uliokwisha tumika, lenzi ya milimita 18 hadi 55, na baadaye ile ya 35 yenye namba 1.8. Kwa picha za karibu, pete za kurefushia zisizo na kioo, zinazowekwa kati ya mwili na lenzi, hugharimu kidogo kuliko lenzi maalumu.

Shule yenye fedha zaidi, na yenye somo linalohitaji ndege au wanyama, ndiyo iongeze lenzi ndefu.

Katika ngazi zote, fedha itangulie kwenye lenzi. Miili hupitwa na wakati upesi, lakini lenzi nzuri hutumika miaka mingi. Wala tusitishwe na idadi ya pikseli. Picha ya ukubwa wa karatasi ya A4, ikichapwa kwa ubora wa nukta 300 kwa kila inchi, huhitaji pikseli milioni 8.7 hivi. Mwili wa zamani wenye milioni 12 watosha.

Tahadhari

Kwanza, lenzi haiingii kwenye mwili wowote. Nikon ilianza kiungio chake cha F mwaka 1959, na Canon kile cha EF mwaka 1987, na havioani. Tena, miili ya Nikon ya jamii ya D3000 na D5000 haina mota ya kulengea, hivyo lenzi za zamani zisizo na mota yake zitalengwa kwa mkono.

Pili, lenzi iliyotumika imulikwe kwa tochi. Nyuzi nyuzi kama utando wa buibui ndani ya kioo ni dalili ya kuvu, mwalimu asiinunue.

Tatu, vumbi la kiangazi ni adui. Lenzi ibadilishwe ndani ya chumba, mdomo wa kamera ukitazama chini.

Nne, mtoto asipigwe picha bila idhini ya mzazi na mwalimu mkuu.

Hitimisho

Michango ya wazazi ni jasho la msimu mzima. Mwalimu anayekwenda dukani na orodha ya picha anazozihitaji humjibu muuzaji; asiye na orodha hujibiwa na muuzaji. Tuamue picha kwanza, tutafute lenzi inayoweza kuipiga, kisha tuchague mwili unaoishika lenzi hiyo kwa fedha tulizo nazo.

Mazoezi kwa wanachuo

1. Andika picha tano unazozihitaji katika masomo ya muhula mmoja. Kwa kila moja, taja umbali, upana wa kitu na hali ya mwanga.

2. Tumia kanuni iliyotolewa kukadiria urefu wa fokasi unaofaa kwa kila picha.

3. Ni picha zipi kati ya hizo zinaweza kupigwa kwa simu? Eleza sababu zako, kisha mshauri mwalimu mkuu kama kuna haja ya kununua kamera.