Hapana Kungoja Ndege
Somo kwa mama ambaye bwana yake ni rubani

Mama, keti kwenye benchi, pakata mtoto, tusome pamoja wakati tunapongoja kipimo.

Labda utacheka na kusema: "Somo gani hili? Wake wa marubani hapa ni wangapi?" Ni kweli, ni wachache. Lakini wanakuja kupima watoto kama wamama wengine, na shida zao tumeziona. Na wewe ambaye bwana yako ni shofere wa lori, au askari, au anafanya kazi kwenye mgodi wa mbali, sikiliza tu. Utakuta mambo mengi yanafanana na yako.

Mama mmoja alituletea mtoto wa mwaka mmoja na nusu. Homa ilianza usiku, na siku tatu zilikuwa zimekwisha kupita. Tuliangalia viganja vya mtoto: vyeupe kama karatasi. Malaria ilikuwa imemaliza damu yake. Tukamwuliza mama: "Sababu gani umekawia?" Akajibu: "Nilingoja baba yake. Alisema atarudi kesho yake." Kumbe mvua ilifunga njia, ndege ikalala Kisangani. Asubuhi ikapewa safari ingine. Mtoto alitiwa damu, akapona, lakini ilibaki kidogo sana.

Yule mama si mjinga, wala si mvivu. Pesa zilikuwa ndani ya sanduku, mita mbili kutoka kitanda cha mtoto. Alichongoja ni ruhusa. Aliogopa mama-mkwe atauliza: "Nani alikutuma kufungua sanduku?" Kwa hiyo tumeandika somo hili.

KWA NINI HANA SIKU YAKE MWENYEWE

Mwalimu anajua siku ya kazi na siku ya kupumzika. Mtu wa duka anafunga mlango jioni. Rubani kijana, anayekaa upande wa kuume wa piloti mkubwa, hana vile. Kwetu ndege ndogo nyingi zinaruka asubuhi mapema, maana mawingu ya radi yanapanda mchana. Viwanja vingi vya vijijini havina taa, na ndege lazima ishuke kabla jua halijatua. Basi anaamka mbele ya jogoo. Na kama hewa ni mbaya, analala kule aliko. Akirudi salama siku ya pili, ni kwa sababu alikubali kulala kule.

Tena, mwenye kuanza kazi hachagui. Katika kampuni nyingi kubwa za ndege, marubani wanapangwa kwa tarehe waliyoingia kazini. Kule Marekani, kila mwezi, aliyeingia wa kwanza anachagua wa kwanza: safari zake na siku zake za kupumzika. Aliyeingia wa mwisho anapata mabaki. Mabaki ni nini? Ni usiku, ni Noeli, ni Pasaka, ni siku ya kuzaliwa kwa mtoto wako. Anapata nafasi bora wazee wanapostaafu au vijana wengine wanapoingia nyuma yake, na jambo hilo linaweza kuchukua miaka. Hata katika kampuni ndogo isiyo na orodha kama hiyo, mara nyingi kijana ndiye anayetumwa.

Kwa hiyo, akikosa Noeli, usihesabu kwamba amekudharau. Pikeni wali na kuku siku atakayofika. Mtoto wa miaka mitatu hajui tarehe 25, anajua kuku.

Majirani nao watasema: "Ndege imelala Kisangani? Basi ana mwanamke kule." Karatasi hii haiwezi kumlinda bwana wa mtu. Lakini mvua si ushahidi.

YUKO NYUMBANI, LAKINI HAYUKO

Kuna siku inayoleta ugomvi kuliko zote. Ni siku ya kungoja kuitwa. Hana safari, lakini simu ikilia lazima aende mara moja. Unamwona amekaa, amevaa ndala, anasikiliza redio. Unamwambia: "Nitengenezee paa ya jiko," au "Twende shambani." Anakataa. Unasema moyoni: huyu ni mvivu.

Mama, siku ile ni siku ya kazi. Hawezi kwenda mbali mahali simu haishiki. Hawezi kunywa bia: sheria ya Marekani inakataza pombe saa 8 zote kabla ya kuruka, na kampuni nyingi zinataka muda mrefu zaidi. Kwa hiyo mjomba akija na chupa mbili, wewe ndiwe utakayesema kwa upole: "Mjomba, leo anangojea simu. Nikuletee chai."

Anaweza kufanya nini siku ile? Anaweza kumwogesha mtoto, kumlisha uji, kumwimbia, kumchungulia vidole vya miguu kama kuna funza. Kazi hizi anaweza kuziacha katikati na wewe ukazimaliza. Lakini usimpe kazi ambayo ikiachwa itaharibika. Mama mmoja alimwachia bwana yake watoto wawili, akaenda soko ya mbali. Simu ikalia. Baba akawakabidhi watoto kwa jirani mwenye kikohozi cha kifua kikuu ambaye hajamaliza dawa. Wazazi wale wawili hawakuwa wabaya. Hawakuwa wamepatana mbele nani atapokea watoto, basi.

USINGIZI WAKE NI MALI YA WATU WENGI

Hapa tukae kidogo, maana nyumba zetu ni ndogo na kelele ni nyingi.

Mtu mzima anahitaji kulala saa saba au nane. Aliyekaa macho saa 17 mfululizo, akili na mikono yake inafanya kazi kama ya mtu aliyekunywa pombe kidogo. Yeye mwenyewe anasema: "Mimi ni mzima." Hasikii uzito wake.

Tarehe 12 mwezi wa pili mwaka 2009, ndege moja ilianguka karibu na mji wa Buffalo, Marekani, wakati wa kutaka kushuka. Watu 50 walikufa, pamoja na mmoja aliyekuwa ndani ya nyumba yake chini. Wachunguzi walisema piloti mkubwa alivuta usukani kinyume cha inavyotakiwa. Lakini walipochunguza usiku wa mwisho wa marubani wale wawili, waliona hawakulala vizuri. Rubani msaidizi, mwanamke wa miaka 24, alikuwa amesafiri usiku kucha kutoka upande mwingine wa nchi ile ili kufika kazini. Wachunguzi waliandika kwamba inaonekana uchovu uliwapunguzia nguvu, ingawa haikuwezekana kujua ni kwa kadiri gani. Kisha sheria ikabadilishwa: tangu mwezi wa kwanza mwaka 2014, rubani wa ndege za abiria kule lazima apate saa 10 za kupumzika kabla ya kazi, na ndani yake nafasi ya kulala saa 8 bila kukatishwa. Kule Ulaya, akipumzika mahali pa makao yake, si chini ya saa 12.

Sheria inampa masaa, lakini haiwezi kunyamazisha jogoo wa jirani. Hapo ndipo unapoingia wewe. Funika dirisha kwa blanketi au kitenge kizito, maana mwili unakataa kulala mchana kwenye mwanga. Mpe chumba cha nyuma. Tundika chandarua hata mchana, apate giza zaidi na kinga ya mbu wa magharibi akichelewa kuamka. Wafundishe watoto wakubwa kucheza upande wa pili wa nyumba. Na wageni wanaokuja kuomba pesa, waambie warudi jioni. Watu wanafikiri mwenye kupanda ndege amejaa pesa. Hawajui kwamba masomo yale ni ya bei kubwa na wengi wanaanza kazi na deni.

Na mtoto mchanga anayelia usiku? Unyonyeshe kama kawaida, usimwachishe ziwa kwa ajili ya usingizi wa baba. Usiku wa kuamkia safari, lala na mtoto chumba kingine kama kipo, au baba aende kulala kwa ndugu yake. Si aibu. Lakini usiku ambao kesho yake hana safari, naye aamke, ambebe mtoto. Hapa tunasema wazi: baba mwingine anasema "usingizi wangu ni sheria" hata siku ya konji. Hiyo si sheria. Wewe pia ni mtu, na mama anayenyonyesha bila kulala anadhoofika.

Neno moja la dawa. Akiwa na mafua au homa, usimnunulie vidonge vya sokoni. Dawa nyingi za mafua zinaleta usingizi, na kinini inaleta kelele masikioni na kizunguzungu. Aende kwa munganga, aseme: "Mimi ni rubani." Mwenye malaria asiruke, hata kama kampuni inamwita mara tatu.

MTOTO ANAPOMKATAA BABA

Baba anarudi baada ya siku sita, ananyoosha mikono, mtoto wa miezi minane anapiga kelele na kujificha kifuani mwako. Baba anaumia. Mama-mkwe anasema umemfundisha mtoto vibaya. Hapana. Karibu na umri huo watoto wengi wanaanza kuogopa sura ambayo hawakuiona siku hizi. Ni dalili kwamba akili inakua. Mwambie baba asimnyakue. Akae chini kwenye mkeka, azungumze na wewe, ashike kijiko au kifuniko cha sufuria. Mtoto atamchungulia, atakaribia, na kwa kawaida mambo yatatengenea.

Kwa mtoto wa miaka mitatu au minne, wamama wengine wanaweka maharagi ndani ya kikombe: kila siku wanatoa moja, na la mwisho likitoka baba anafika. Tuliwashauri hivyo sisi wenyewe. Tumeacha. Siku maharagi yalipokwisha, ndege haikuja, na mtoto alilia jioni nzima akisema baba amekufa. Ni afadhali kumwambia mtoto mahali, si siku: "Leo baba analala Kalemie, karibu na ziwa." Na kama simu inashika, baba aseme maneno mawili kabla mtoto hajalala. Asisahau kwamba saa ya Kinshasa iko nyuma ya yetu ya mashariki kwa saa moja. Akipiga kutoka kule wakati wa chakula chake, mtoto huku amekwisha kulala.

MAPATANO YA NYUMBA

Akipata karatasi yake ya safari, kaeni wawili, na fishi ya mtoto iwe mezani. Andika siku za chanjo: wiki ya 6, ya 10, ya 14, kisha miezi 9. Chanjo haifuati safari za ndege. Ukiwa peke yako, kuja peke yako. Lakini akiwa na siku ya mapumziko, aje yeye na mtoto. Wababa wachache wanaoketi kwenye benchi hii hawajapata madhara.

Kisha mpatane juu ya pesa ya ugonjwa. Si pesa ya baba, si ya mama. Ni ya ugonjwa, na ufunguo uko kwako. Baba aseme neno hili mwenyewe mbele ya mama yake na ndugu zake, akiwa angali nyumbani: "Mtoto akipata homa, mama yake aende mara moja, na asiulizwe." Maneno hayo yakitoka kinywani mwake yana nguvu kuliko ukiyasema wewe akiwa Lubumbashi.

Mtoto wa chini ya miaka mitano akipata homa, aletwe siku ileile. Na kama hawezi kunyonya au kunywa, kama anatapika kila kitu, kama anashikwa na degedege, kama amelegea na haamki vizuri, hata saa moja usingoje, iwe mchana iwe usiku. Hapana kutafuta simu kwanza. Utampigia baba ukiwa hapa, mtoto akiwa amekwisha pata dawa. Kama yuko angani hatasikia. Mwandikie ujumbe, ataukuta akishuka.

Sasa, wakati bado tunangoja kipimo, geukia jirani yako wa benchi, mwulizane. Mtoto wako akichemka usiku wa leo, na baba yuko mbali, nani atashika taa na kutembea na wewe? Nani atabaki na watoto wengine? Ufunguo uko wapi? Kama huna jibu la moja katika hayo, mwambie mwuguzi anayeandika fishi kabla hujarudi nyumbani.