UNGA UNAOPUNGUZA MAJI YA ZEGE

Likizo ya Agosti sikukaa bure. Mjomba alikuwa akijenga nyumba, na kazi yangu ilikuwa kubeba maji. Fundi alikuwa na neno moja tu: "Ongeza maji, kijana!" Zege likiwa zito koleo hukwama na mgongo huuma, kwa hivyo yeye alilitaka litiririke kama uji wa mtoto. Mimi nami nikaongeza. Wiki chache baadaye baraza ilikuwa na nyufa, na ukiikwaruza kwa msumari inatoa vumbi tu. Mjomba hakusema mengi. Lakini saruji ile ilitokana na ng'ombe wawili aliouza.

Niliporudi shule nilimuuliza mwalimu wa kemia, naye akanieleza kwamba saruji haikauki kama nguo kwenye kamba. Hushika kwa kuungana na maji, na maji yanayoungana nayo ni kama robo tu ya uzito wake. Yanayozidi ni ya kulainisha kazi. Hayo hutoka baadaye na kuacha vitundu vidogo vidogo, na humo ndimo nguvu inamopotelea. Mmarekani Duff Abrams alilieleza jambo hili mwaka wa 1918.

Sasa, fundi naye ana haki yake. Zege kavu halifiki kwenye pembe wala halizunguki vyuma. Tufanyeje?

Hapo ndipo unga huu unapoingia. Chembe za saruji zikitiwa majini hushikana mabonge, kama ugali uliosongwa ovyo. Tofauti ni kwamba mabonge ya ugali huficha unga mkavu, na haya hufungia maji. Dawa hii huzigandamia chembe na kuzipa chaji hasi zote, basi zinasukumana kama ncha za sumaku zinazofanana. Mabonge yanavunjika, maji yanaachiliwa, na zege linalainika bila kuongezwa hata kopo moja.

Aina ya zamani ni lignosulfoneti, itokanayo na masalio ya mbao zinapotengenezwa karatasi. Hiyo hupunguza maji kwa asilimia 5 hadi 10 hivi. Ukiizidisha, zege laweza kukawia sana kushika. Nyingine yenye nguvu zaidi, iliyoanza Japani miaka ya 1960, hutokana na naftalini. Naam, ile ile ya vidonge vya kufukuzia nondo kabatini! Hiyo yaweza kupunguza asilimia 20 na zaidi. Siku hizi kuna polikaboksileti pia, ambayo hutenganisha chembe hasa kwa mikia yake mirefu. Zote hupatikana zikiwa za maji au za unga. Unga ni mwepesi kusafirisha, ila lazima ukae pakavu, la sivyo huganda.

Desemba tulimwaga zege la msingi wa tangi. Mjomba akanunua ule wa naftalini. Kwa mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50 tulipima robo kilo, yaani asilimia 0.5, kwa mizani ya dukani inayopima sukari, tukaukoroga kwanza katika maji. Zamani mfuko ulikuwa ukimeza lita 30, debe moja na nusu. Sasa tulitakiwa kutia lita 24.

Mchanganyiko wa kwanza, fundi alitia unga na bado akatia debe na nusu lake. Kokoto zikazama, maji yakaelea juu kama supu. Mjomba akasimamisha kazi, akanikabidhi mimi debe. Niliona haya, maana fundi ni mtu mzima.

Mchanganyiko wa pili nilimimina debe moja na lita nne, nikasimama.

"Ongeza maji, kijana!"

"Fundi, hayo ndiyo yote. Geuza kwanza."

Akageuza akinung'unika. Mara ya tatu koleo likaanza kuteleza lenyewe. Akanitazama. "Na huo unga," akauliza, "Agosti ulikuwa wapi?"