Somo la Mazingira: Majani Chai na Magunzi Katika Kusafisha Maji ya Rangi

Anayetia rangi vitambaa vya batiki au nyuzi za sweta hubaki na karai la maji mekundu, ya buluu au meusi. Hapa Silibwet, maji hayo yakimwagwa mtaroni, mvua huyasukuma hadi mto Nyangores. Mto huo hukutana na Amala na kuwa mto Mara, ambao huishia Ziwa Viktoria. Rangi huzuia mwanga wa jua, na mimea ya majini hushindwa kutengeneza oksijeni. Rangi nyingi za viwandani pia haziozi upesi.

Watafiti katika nchi mbalimbali wamejaribu kuziondoa kwa mabaki ya mimea, yakiwemo majani chai yaliyokwisha kutumika na magunzi ya mahindi. Njia ni mbili.

Kunasa: Uso wa majani chai una chaji hasi. Rangi yenye chaji chanya, kama methilini bluu ya maabara, huvutwa ikashikamana nao. Lakini rangi nyingi za kutilia pamba zina chaji hasi, hivyo hazishikamani vizuri. Hizo hufaa zaidi kunaswa kwa mkaa wenye vitundu vingi, uliotayarishwa kwa joto kali pamoja na mvuke au kemikali.

Kuvunja: Mkaa wa magunzi hubebeshwa chembe za chuma, kisha haidrojeni peroksaidi hutiwa majini. Chuma ndicho kichocheo: huifanya peroksaidi itoe chembe kali zinazokatakata rangi, nacho chaweza kutumika tena. Peroksaidi kali huunguza ngozi na macho, kwa hiyo kazi hii ni ya wataalamu.

Jaribio la shuleni, chini ya mwalimu
1. Chemsha majani chai yaliyotumika, ukibadilisha maji mpaka yasitoe tena rangi ya kahawia. Yaanike yakauke.
2. Tia tone la methilini bluu katika glasi mbili za maji.
3. Weka kijiko cha majani hayo katika glasi moja, ukoroge mara kwa mara kwa saa moja.
4. Chuja, kisha linganisha glasi hizo mbili.

Glasi yenye majani itakuwa imefifia. Hata hivyo, maji yasiyo na rangi si lazima yawe salama. Chumvi na magadi yaliyotumika kutia rangi bado yamo. Tena, rangi iliyonaswa haijatoweka, imehamia kwenye majani. Majani hayo sasa ni taka: yasitupwe shambani wala mtoni, na yasilishwe ng'ombe.

Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya 1999 inakataza kumwaga uchafu wenye madhara mtoni. Wenye kazi ya rangi wapime rangi kwa uangalifu, watumie maji yaleyale zaidi ya mara moja inapowezekana, na wayahifadhi kwenye pipa badala ya kuyamwaga. Kabla ya kuyatupa, wapate ushauri wa idara ya mazingira ya kaunti au NEMA.