Mtoto Mdogo Katika Miezi ya Kaskazi: Maji, Nguo na Usingizi

Katika mwambao wa Tanzania pepo za kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi Machi, na miezi hiyo ndiyo yenye joto kali kuliko yote ya mwaka. Jijini Dar es Salaam joto la mchana hufikia nyuzi 32 za Selsiasi, nalo la usiku hubaki karibu na nyuzi 25. Sehemu ya kipindi hicho ni likizo ya shule na sikukuu. Nyumba hujaa wageni, maembe na matikiti hujaa magengeni, na watoto wa chini ya miaka mitano hushinda uani wakichezeshwa na ndugu zao wakubwa.

Somo hili linahusu siku ya kawaida ya familia kama hiyo. Mfano wake ni nyumba ya vyumba viwili iliyoezekwa kwa bati bila dari, yenye mama, bibi, mtoto wa miezi minne na kaka yake wa miaka mitatu. Mhudumu wa afya atakayelisoma atawatambua wateja wake, na mzazi huenda akaitambua nyumba yake mwenyewe.

Kwa nini mtoto huzidiwa upesi

Maji ni takriban robo tatu ya uzito wa mtoto mchanga, ilhali kwa mtu mzima ni karibu asilimia 60. Hata hivyo hesabu iliyo muhimu zaidi ni ya upotevu. Mtoto wa kilo 6 akipoteza nusu lita ya maji amepoteza karibu asilimia 8 ya uzito wake, na tayari ni mgonjwa. Baba yake wa kilo 70 akipoteza kiasi hichohicho hupungukiwa na chini ya asilimia 1, naye huona kiu tu. Isitoshe, mtoto hutoa jasho kidogo kuliko mtu mzima, hawezi kujisogeza kivulini, na hana lugha ya kuomba maji isipokuwa kilio, ambacho watu wazima hukifasiri kwa namna nyingi.

Pwani kuna tatizo jingine, nalo ni unyevunyevu wa hewa. Jasho halipoozi mwili kwa kutoka bali kwa kukauka. Hewa ikishajaa mvuke, jasho hubaki juu ya ngozi na joto hubaki ndani. Ndiyo maana mtoto aliyefungwa nguo nyingi mwezi Januari hulowa mgongoni bila kupoa hata kidogo.

Kofia ya sufi

Hakuna muuguzi wa kliniki ya watoto ambaye hajawahi kumpokea mtoto aliyevalishwa kofia ya sufi, soksi na sweta, kisha akafunikwa blanketi, saa sita mchana, ndani ya daladala iliyojaa. Desturi hii haikuzuka bure. Mtoto aliyezaliwa leo, hasa njiti, hupoteza joto upesi na anahitaji kukaushwa, kufunikwa na kuwekwa kifuani mwa mama ngozi kwa ngozi. Bibi aliyelea watoto kumi anaikumbuka hatari ya ubaridi kwa sababu aliiona kwa macho yake. Kinachohitaji kusahihishwa ni muda. Mtoto mwenye afya wa miezi minne si kichanga wa siku ya kwanza, na nimonia huletwa na vijidudu, si na upepo wa dirishani.

Kichwa cha mtoto mchanga ni karibu moja ya tano ya eneo lote la mwili wake, hivyo kukifunika kwa sufi wakati wa joto ni kuliziba dirisha kubwa kuliko yote. Nguo moja nyepesi ya pamba yatosha, na usiku kanga peke yake. Anayetaka kujua kama mtoto ana joto kupita kiasi aguse shingo kwa nyuma au kifua. Viganja na nyayo hudanganya, kwa kuwa huweza kuwa baridi hata mtoto akiwa salama kabisa.

Mtoto aliyefunikwa mno huota harara, yaani vipele vidogo shingoni, kwapani, mgongoni na kwenye mikunjo, kutokana na vinyweleo vya jasho kuziba. Si ugonjwa mkubwa, ila humkosesha mtoto usingizi, na mama naye. Tiba yake ni kumwogesha kwa maji ya uvuguvugu, kumkausha vizuri na kumwacha wazi. Mafuta ya mgando yanayopakwa kwa wingi huziba vinyweleo zaidi, na poda inayomwagwa kifuani huweza kuvutwa mapafuni. Vipele vikitoa usaha, au mtoto akiwa na homa, hiyo si harara tu, na ni lazima aonwe na mhudumu.

Mtoto wa miezi minne na kijiko cha maji

Jambo linaloleta mvutano mkubwa nyumbani katika miezi ya kaskazi ni kama mtoto anayenyonya apewe maji. Jibu la kitabibu ni kwamba hadi atimize miezi sita hahitaji kitu kingine chochote isipokuwa maziwa ya mama, hata katika nchi yenye joto. Tofauti pekee ni dawa na chumvichumvi ya ORS pale mhudumu anapoagiza. Lakini jibu likitolewa kwa amri huishia mlangoni mwa kliniki. Mama mdogo hana nguvu ya kumkatalia mama mkwe wake, na muuguzi hayupo nyumbani jua linapowaka. Mazungumzo kama haya yafuatayo huzaa matunda zaidi:

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mwanangu. Huyu mjukuu wangu kiu itamuua. Sote tunakunywa maji kutwa, yeye hapewi hata kijiko.”

“Ni kweli bibi, joto ni kali, na mtoto huona kiu kama sisi. Tangu alfajiri amelowesha nepi ngapi?”

“Hiyo aliyovaa ni ya nne.”

“Basi maji anayapata, maana asiyepata maji hakojoi. Maziwa ya mama, ukichukua vijiko 100, kama 88 ni maji, nayo hayajapita kwenye ndoo wala kikombe. Atakapolia kwa kiu mpe mama yake amnyonyeshe, hata kama ni kwa dakika chache. Nawe bibi utusaidie jambo moja: mama huyu asikae bila kinywaji pembeni.”

Katika mazungumzo hayo muuguzi hakumkanusha bibi mbele ya mkwewe. Alikubali kwamba kiu ipo, akaonyesha kipimo ambacho bibi mwenyewe anaweza kukihesabu, kisha akampa kazi. Mtoto anayekojoa mara sita au zaidi kwa saa 24, mkojo wake ukiwa wa rangi hafifu, anapata maji ya kutosha. Katika nyumba zinazotumia pampasi hesabu hiyo hupotea, na ni vyema mama aelekezwe kuipima kwa uzito mkononi.

Ikiwa bibi bado ana shaka, aelezwe hatari yenyewe. Maji hujaza tumbo dogo na kuchukua nafasi ya maziwa, huweza kuingiza vijidudu vya kuhara, na yakiwa mengi hupunguza chumvi katika damu hadi kusababisha degedege.

Kaka wa miaka mitatu

Kwa mtoto aliyevuka miezi sita hali hugeuka. Huyu anahitaji maji, na akiwa mchezoni hukumbuka kunywa baada ya kuchelewa, kwa hiyo aitwe na kupewa kikombe mara kwa mara bila kungoja aombe. Maji yachemshwe hadi yatokote, yapoe, yahifadhiwe katika chombo chenye mfuniko na yachotwe kwa kata yenye mpini mrefu. Mtungi wa udongo, ambao nyumba nyingi zimeuacha kwa ajili ya friji, hupoza maji kwa njia ileile ya jasho: maji hupenya kidogo kidogo na kukauka juu ya ngozi yake. Umeme ukikatika mtungi hauna habari.

Kisha kuna kiporo. Pilau ya sikukuu iliyobaki sufuriani usiku kucha katika joto la nyuzi 25 si chakula kilekile asubuhi. Katika mchele mna mbegu za bakteria zinazostahimili kuchemshwa. Wali ukikaa nje huchipuka, huongezeka na kutoa sumu, na moja ya sumu hizo haiharibiwi na kupashwa moto. Chakula kisikae nje zaidi ya saa mbili. Pasipo friji, ni afadhali kupika kidogo kuliko kuhifadhi kingi. Barafu za ubuyu na ukwaju zinazouzwa mitaani nazo ni salama kwa kadiri ya maji yaliyotengenezewa, kwa maana kuganda hakuui vijidudu vyote.

Anapoanza kuhara

Mtoto akihara mara tatu au zaidi kwa siku, choo kikiwa cha majimaji, kazi huanza nyumbani kabla ya safari ya zahanati. Silaha kubwa ni ORS. Mwaka 1971, katika kambi ya wakimbizi ya Bangaon nchini India, daktari Dilip Mahalanabis aliishiwa dripu kipindupindu kikiwa kimepamba moto. Aligawa mchanganyiko wa chumvi na sukari kwenye maji, ndugu wa wagonjwa wakiunywesha wenyewe, na vifo vilishuka kutoka takriban 30 katika kila wagonjwa 100 hadi chini ya 4. Siri yake ni kwamba utumbo unaohara bado hufyonza sukari, na sukari ikipita huambatana na chumvi, nayo chumvi huvuta maji.

Kwa sababu hiyo vipimo havichezewi. Pakiti iliyoandikwa lita moja huchanganywa na lita moja ya maji salama, yote kwa pamoja, na chupa ya maji ya dukani yenye ujazo huo ni kipimo kizuri. Wako wanaomimina robo ya pakiti kwa kukisia katika kikombe. Chumvi ikizidi humdhuru mtoto, na ikipungua haimsaidii. Kilichobaki baada ya saa 24 kimwagwe. Mtoto wa chini ya miaka miwili hupewa mililita 50 hadi 100 kila baada ya kuhara, na wa miaka miwili na kuendelea mililita 100 hadi 200. Hupewa kwa kijiko au kikombe, polepole. Akitapika, isubiriwe dakika 10, kisha aanze tena taratibu zaidi. Pamoja na ORS hupewa zinki kwa siku 10 hadi 14: miligramu 10 kwa siku kwa mtoto wa chini ya miezi sita, na miligramu 20 kwa mkubwa zaidi. Kunyonya na kula kuendelee.

Soda na glukosi ya unga havifai, kwani sukari yake nyingi huvuta maji kuelekea tumboni na kuongeza kuhara. Dafu ni kinywaji chema, lakini lina potasiamu nyingi na sodiamu kidogo, hivyo haliwezi kushika nafasi ya ORS.

Mhudumu atazame mambo manne: hali ya mtoto, macho, unywaji, na ngozi ya tumbo inapofinywa. Mtoto asiyetulia, mwenye macho yaliyodidimia, anayekunywa kwa pupa, au ambaye ngozi yake hurudi polepole, akiwa na mbili kati ya dalili hizi, anywe ORS kituoni mililita 75 kwa kila kilo ya uzito katika saa nne, akiangaliwa. Aliye mlegevu au asiye na fahamu, asiyeweza kunywa, mwenye macho yaliyodidimia, au ambaye ngozi yake huchukua zaidi ya sekunde mbili kurudi, akiwa na mbili kati ya hizo, ahitaji dripu mara moja.

Ndoo na gari

Haya yanatosha kwa maneno machache. Mtoto anayejifunza kutembea huweza kuzama kichwa chini katika ndoo isiyojaa hata nusu, bila kelele, kwa hiyo ndoo na mapipa ya uani yafunikwe. Ndani ya gari lililofungwa juani, joto huweza kupanda nyuzi 10 kwa dakika 10, na kioo kilichoshushwa kidogo hakisaidii. Mtoto asiachwe humo hata kwa kisingizio cha kununua mkate.

Usiku

Kwenye chumba cha bati, watu huketi barazani hadi usiku wa manane wakingoja nyumba ipoe, na wakiingia ndani huikunja neti kwa sababu ya joto. Mbu waenezao malaria huuma saa hizohizo. Suluhu ya nyumba nyingi ni kuhamishia kitanda karibu na dirisha lenye wavu, kuinua neti juu ili isimguse mtoto, na kutoongeza kanga juu yake. Mtoto alale chali, bila mto.

Akiamka akiwa wa moto, avuliwe nguo, apelekwe penye hewa, apanguswe kwa kitambaa chenye maji ya kawaida na anyonyeshwe au anyweshwe, kisha apimwe baada ya nusu saa. Joto la kufunikwa kupita kiasi hushuka kwa hatua hizo, na parasetamoli haina kazi juu yake. Likibaki nyuzi 37.5 au zaidi ni homa, na homa haihesabiwi kuwa ni ya kaskazi hadi kipimo cha malaria kiseme. Mhudumu asimrudishe mama nyumbani kwa neno “ni joto tu” bila kupima, wala asimpe dawa ya malaria bila kupima. Mtoto wa chini ya miezi miwili mwenye joto hilo haingojwi nusu saa wala asubuhi. Vilevile haingojwi kwa mtoto wa umri wowote aliyelegea, aliyepata degedege, au asiyeweza kunyonya. Usafiri utafutwe usiku huohuo, mtoto avae nguo nyepesi, na kama anaweza kumeza, mama amnyonyeshe njiani.