Mtoe Mchana, Mwanangu

Shangazi, nina miaka 27, nauza vifaa vya simu Kilindoni, naishi na mama. Nilimchukua mtoto wa mbwa aliyekulia ndani ya tenga la kuku. Mwenyewe alikuwa anahama, akataka kumtupa. Sasa ana kama miezi minne. Anakojoa na kujisaidia popote, hata pale anapolala. Nimemtandikia magazeti, nimemgombeza, nimempiga, wapi. Majirani wana maneno, kwa hiyo mchana namfungia stoo, namtoa usiku watu wakishalala. Huko nje hafanyi kitu, akirudi ndani ndipo anafanya. Mama amechoka kufuta, anasema nyumba ya swala imeharibika. Nimrudishe kwenye tenga au nimtafutie mtu?
Mpenda Wanyama, Kilindoni

Mwanangu, barua yako ilikuwa ndefu, nimeipunguza, maana shida yako imo katika maneno manne: namtoa usiku watu wakishalala.

Kwa nini usiku? Mbwa hukumwiba. Ulimwokoa kiumbe aliyekuwa akilala juu ya uchafu wake, kisha ukamfanya siri. Stoo yako ina nafasi kuliko tenga, lakini ni kifungo kile kile, na safari hii mfungaji ni wewe.

Mtoto wa mbwa akifika wiki tatu hivi, miguu ikianza kumbeba, hutoka mwenyewe pale anapolala akaenda kukojoa pembeni. Hafundishwi na mtu. Wako alinyimwa hatua hizo chache, kitanda na choo vikawa pamoja mpaka akaacha kuvitofautisha. Tena mbwa huzoea kile anachokikanyaga wakati wa haja. Aliyekulia nje huzoea mchanga. Wako amezoea kujisaidia palipozibwa, nawe kwa magazeti yako ukamthibitishia kwamba ndani ndiko chooni. Kipigo nacho kimemfundisha jambo moja tu, asijisaidie mbele yako. Ndiyo maana nje anakutazama, akisubiri umpe kisogo.

Tenga, hapana. Kumpa mtu? Atapokea mbwa yule yule na tabia ile ile, naye pengine hana huruma yako.

Sasa tuje kwa majirani. Wana hoja mbili za kweli, usizidharau. Ya kwanza ni najisi. Wafuasi wa Imam Shafii, ambao ndio wengi pwani yetu, mate ya mbwa yakigusa kitu hukiosha mara saba, moja kwa udongo. Hukumu hiyo ni ya usafi, haikuamrisha mateso. Mbwa wa vijana wa pangoni ametajwa katika Suratul Kahf, na habari ya mtu aliyesamehewa kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu mama yako anaijua. Ya pili ni kichaa cha mbwa, ugonjwa ambao dalili zikishaanza karibu hakuna anayepona. Hapo jibu ni chanjo. Wenzetu wa Pemba waliuondoa kisiwani kwao kwa kuwachanja mbwa. Uliporudi wakachanja tena, na kufikia 2018 wakawa wameuondoa kwa mara ya pili.

Hoja zote mbili zinakutaka ufanye kinyume cha unachofanya. Mbwa yumo ndani ya nyumba ya swala kwa sababu moja tu, unamficha. Angekuwa uani, ana kibanda, kivuli na maji, mama angeswali kwa raha. Wewe umeogopa maneno ya nje, ukamtwisha mama tambara.

Hilo ndilo linaloniudhi. Mtu mzima akiamua kutenda wema, aubebe mwenyewe, mbele za watu, na uchafu wake aufute kwa mkono wake. Wema wa kujificha hulipiwa na watu wa nyumbani, ambao hata hawakuulizwa. Na siri yenyewe haipo: mficha maradhi kilio kitamfichua, na kilio cha mbwa huyo majirani wanakisikia kila mchana. Wanamwogopa kwa kuwa hawamjui. Wakimwona ana kamba shingoni, amechanjwa, na mwenyewe anazoa kinyesi chake, maneno yatapungua. Yakibaki, utayastahimili. Hukufanya la aibu.

Kazi yenyewe ni ya wiki kadhaa. Mbwa wa miezi minne huweza kubana mkojo takriban saa nne, saa moja kwa kila mwezi wa umri; wako, ambaye hajawahi kujizuia, mhesabie nusu. Mtoe akiamka, akimaliza kula, akimaliza kucheza na kabla ya kulala. Mpeleke kwa kamba kwenye mchanga ule ule, usimame kimya. Akimaliza tu, hapo hapo, mpe dagaa na neno zuri. Ukingoja mpaka mmerudi, hatajua anasifiwa nini. Asipofanya, kaa naye karibu umshike kamba, umrudishe mchangani baada ya robo saa. Mlishe kwa saa maalumu. Ukienda dukani nenda naye, umfunge kivulini. Stoo isafishe kwa maji na siki. Dawa yenye amonia inanuka kama mkojo, itamrudisha pale pale. Akikosea, futa, nyamaza. Mkono wako usimguse tena kwa kipigo.

Leo usiku zungumza na mama. Mwombe radhi kwa yote uliyomwachia afute, umwonyeshe mahali pa kibanda uani, naye aseme wapi mbwa asikanyage. Kesho saa nne asubuhi, soko likiwa limejaa, mpitishe barabarani mpaka kwa afisa mifugo, apate chanjo ya kichaa na dawa ya minyoo. Atakayeuliza mbwa ni wa nani, mjibu kwa sauti kwamba ni wako.