Ushuru wa Mitumba: Ni Nani Alipaye?

Wenzangu wengi husema ya kuwa ushuru wa forodha hulipwa na tajiri aletaye mali. Kweli, yeye ndiye atoaye fedha mpakani. Lakini huzirudisha kwa kupandisha bei, na mwisho hulipa mnunuzi.

Tutazame mfano wa Rwanda. Mwaka 2016 Serikali iliupandisha ushuru wa mitumba toka senti 20 za dola hata dola 2.50 kwa kilo. Shati la robo kilo lililobeba ushuru wa senti 5 likabeba zaidi ya senti 62. Tena mzani haujui shati zuri wala lililochakaa: yote hutozwa sawa. Basi mzigo humwelemea zaidi yule anunuaye la bei rahisi.

Je, Serikali ilikosea? Nia yake ilikuwa kuvipa nafasi viwanda na mafundi cherehani wa nchini, kwani mtumba ukiwa rahisi mno fundi hukosa kazi. Lakini fundi naye hununua kitambaa na uzi. Vikitoka ng'ambo na kutozwa ushuru, shati lake hupanda bei pia. Isitoshe, Julai 2018 Marekani iliziondolea nguo za Rwanda msamaha wa ushuru uliokuwa katika sheria ya AGOA.

Mimi naona ushuru wa namna hii wafaa pale tu ambapo nguo ya nchini ipo sokoni, na mtu wa kipato kidogo aweza kuinunua. Nanyi wanafunzi wa zamani mlio katika biashara, mwaonaje?